Kuiaga Dunia kwa Chombo: Filamu ya Aniara mbele ya Hadhira ya Wachimbaji

Utanzu wa filamu zinazosimulia maisha ya binadamu baada ya dunia kuharibika haujapata jina lililotulia katika Kiswahili. Wengi wetu tunaofundisha fasihi na filamu tumekuwa tukiuita "masimulizi ya baada ya kiyama", na mimi nimelitumia jina hilo darasani kwa miaka mingi bila kulihoji. Ni jina baya. Kiyama, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kusimama: wafu wanainuka, wanasimama mbele ya mwenye kuhukumu, na kila mmoja anasomewa hesabu yake. Baada ya kiyama hakuna ila pepo na moto, na huko hakuna anayehitaji kusimuliwa. Filamu ninazozisema zina hali iliyo kinyume kabisa: dunia imekwisha, hakuna aliyehukumiwa, na waliosalia wanaendelea kula, kulala na kugombana. Kosa hili la istilahi sikuligundua maktabani. Nililigundua katika kibanda cha video kwenye machimbo madogo ya dhahabu kati ya Kahama na Geita, nikimsikiliza mtu ambaye kazi yake ni kuzungumza wakati filamu inaendelea.

Filamu yenyewe ni Aniara (2018), iliyoongozwa na Pella Kågerman na Hugo Lilja wa Uswidi. Imetokana na shairi refu la Harry Martinson lenye sehemu 103, lililochapishwa mwaka 1956. Mtunzi huyo alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1974 pamoja na Eyvind Johnson. Chombo kikubwa kiitwacho Aniara, chenye maduka, migahawa na mabwawa ya kuogelea, kinachukua wahamiaji kutoka katika dunia iliyoungua kuwapeleka Mihiri. Safari ni ya wiki tatu. Kinapokwepa uchafu uliotapakaa angani kinapata ajali, kinalazimika kuimwaga nishati yake yote, na kuanzia hapo hakiwezi kugeuka. Nahodha anawaambia abiria kwamba ndani ya miaka miwili watapita karibu na sayari itakayowavuta na kuwarudisha njiani. Anajua kwamba si kweli. Kinachofuata ni miaka, na filamu imegawanywa kwa hesabu ya miaka hiyo, kila sehemu ikiwa na giza zaidi ya iliyotangulia.

Niliitazama mara ya kwanza peke yangu, kwenye kompyuta, nikaiona kuwa kazi kubwa na baridi. Wazo la kuipeleka machimboni lilitokana na darasa la uzamili lililokuwa likijadili usimulizi wa filamu kwa Kiswahili, fani ambayo Matthias Krings ameandika juu yake kwa kirefu na ambayo wasomaji wengi wanaifahamu kupitia sauti za Lufufu na DJ Mack. Siku hizi usimulizi huo husikika zaidi ukiwa umekwisha kurekodiwa. Msimulizi anayeketi kibandani na kipaza sauti mkononi ni nadra. Nilimpata mmoja. Nilimpa filamu kwenye flashi wiki moja kabla, akaitazama mara mbili, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kuna anayefika?" Nikamjibu kwamba chombo kinafika. Akatikisa kichwa, akasema tutaona.

Sitayaita haya utafiti. Sikugawa dodoso wala kurekodi, na watazamaji, vijana waliotoka maduarani pamoja na mama wawili wauza chakula, walijua kwamba mgeni aliyekaa pembeni ni mwalimu, jambo ambalo bila shaka liliwabana. Ninachokileta hapa ni usomaji wangu wa pili wa filamu moja, uliosahihishwa na watu wengine. Ninauleta kwa sababu nadhani unatuhusu sisi tunaotafsiri istilahi tukiwa tumekaa.

Msimulizi hakusema kwamba abiria "wanaondoka katika sayari ya Dunia", kama ambavyo ningeandika mimi. Chombo kilipopaa na madirisha kuonyesha sayari ikiungua chini yao, alisema: "Hapo ndipo walipoiaga dunia." Kijana aliyekaa mbele akageuka na kuuliza, "Kumbe wameshakufa?" Watu wakacheka. Msimulizi naye akacheka, lakini hakujisahihisha, na sasa ninaamini kwamba alikuwa sahihi kutojisahihisha.

Tunafahamu kwamba neno dunia limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya kilicho karibu, kilicho chini, maisha haya yakilinganishwa na yajayo. Kiswahili kimelipokea likiwa na mzigo huo wote. Dunia inahadaa, inapita, ina mambo, ina watu wake. Mtu huiaga mara moja tu. Matumizi ya neno hili kama jina la sayari, ya tatu kutoka kwenye jua, ni ya vitabu vya shule, na hayajaufuta ule mzigo wa mwanzo. Kwa hiyo katika Kiswahili cha kawaida haiwezekani kusema kwamba watu wameiacha dunia wakaenda kwingine bila kusema pia kwamba wamekufa. Lugha nyingi hazina mkabala huu. Filamu ya Kågerman na Lilja inahitaji saa nzima na zaidi, na sehemu iliyopewa jina la jeneza la jiwe, ili kumfikisha mtazamaji wa Ulaya kwenye ufahamu kwamba abiria hawa walikuwa maiti tangu walipopanda. Mtazamaji wa Kiswahili anaambiwa dakika ya tano, kwa nahau.

Mtu anaweza kusema kwamba kwa njia hiyo taharuki imeharibiwa. Mwanafunzi wangu mmoja alilisema hilo, akaongeza kwamba hadhira "iliikosea" filamu. Sikubaliani naye. Taharuki ya kujua kama watafika haikuwa kamwe nguvu ya Aniara. Shairi la Martinson halina taharuki ya namna hiyo, nalo lilipogeuzwa kuwa opera na Karl-Birger Blomdahl mwaka 1959 halikuipata. Nguvu yake ni ya utenzi wa maombolezo: msikilizaji anajua mwisho, anakaa ili kusikia jinsi utakavyosemwa. Iko pia hoja ya kihistoria ambayo sitaki kuipita. Kazi hii ilianza kama maneno ya kusomwa kwa sauti, ikahamia kwenye picha zenye mazungumzo machache, na kibandani ikarudishwa katika hali ya sauti moja inayosema mbele ya watu wanaojibu. Fanani na hadhira walikuwepo. Katika mambo fulani kile nilichokisikia kilikuwa karibu zaidi na shairi kuliko filamu ilivyo.

Si kila alichokifanya msimulizi kilikuwa chema. Katikati ya chombo mna ukumbi wa Mima, mtambo wenye akili ambao abiria hulala chini yake na kuonyeshwa dunia kama ilivyokuwa: maji, msitu, ndege. Kadiri safari inavyorefuka wanauhitaji zaidi, na kumbukumbu wanazouletea zimejaa moto. Mwishowe Mima haivumilii tena iliyoyaona ndani yao, inajiangamiza. Msimulizi aliuita mtambo huu "mganga", na ukumbi wake "kilinge". Watazamaji walielewa papo hapo: mganga amezidiwa na maradhi ya wagonjwa wake. Ni tafsiri yenye mvuto, na ningekuwa mhakiki mvivu ningeisifu kama mfano wa kuitia filamu ya kigeni katika utamaduni wa mahali.

Lakini Mima haiponyi. Mima ni ghala la kumbukumbu lililotengenezwa na walewale walioichoma dunia, na jambo la kutisha ni kwamba chombo cha kuhifadhi kimejua aibu kabla ya wenye kukitengeneza. Ukikiita mganga, aibu hiyo inahama: abiria wanakuwa wagonjwa, na mgonjwa hana hatia. Aidha, katika Shinyanga na Geita neno mganga si neno la hivihivi. Kanda hii ndiyo iliyotajwa zaidi katika mauaji ya watu wenye ualbino, mauaji yaliyohusishwa na ramli na tamaa ya utajiri, wa madini ukiwemo, hadi serikali ikapiga marufuku shughuli za wapiga ramli mwezi Januari 2015. Kumwita mganga yule anayefariki kwa huzuni ya dunia, mbele ya hadhira ya wachimbaji, ni kusema jambo kubwa kuliko alilokusudia msimulizi. Nilimweleza baadaye. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza mimi ningeiitaje. Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Kumbukumbu ni neno la ofisi. Ghala linanuka pamba na mahindi.

Alipofika kwenye maneno ya mwanaanga mzee, anayekaa chumba kimoja na mhusika mkuu, msimulizi alifanya jambo ambalo sidhani kama alilipanga. Katika filamu, mwanamke huyu anaonyesha kipande cha kioo chenye kiputo cha hewa ndani yake, na kueleza kwamba kiputo hicho kinasogea polepole mno, na kwamba wao na chombo chao ni kiputo katika kioo cha anga. Msimulizi alisema: "Sisi ni hewa iliyobaki ndani ya mwamba." Hapakuwa na aliyecheka.

Msomaji aliye mbali na kanda hii pengine ahitaji kukumbushwa. Mwezi Oktoba 2015 mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliporomoka na kuwafukia watu. Baada ya siku 41 watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyokuwa yakichuruzika mwambani. Januari 2017 watu 15 waliokolewa kutoka katika mgodi mwingine, Nyarugusu mkoani Geita, baada ya siku kadhaa chini ya ardhi. Haya ndiyo mapokeo ambayo hadhira yangu iliyabeba iliposikia habari za watu waliofungiwa katika chombo kisichogeuka. Mimi nilibeba Martinson na vita baridi.

Kutokana na mapokeo hayo walikuwa na malalamiko mawili juu ya filamu, na yote mawili nayaona kuwa uhakiki halali. La kwanza ni kwamba abiria wa Aniara wana mwanga. Kijana mmoja alilirudia hili kwa namna ya kuudhika: wana taa, wana chakula cha mwani, wana maji ya kuogelea, na bado wanajiua. Nilidhani mwanzoni kwamba haelewi dhana ya kukata tamaa isiyotokana na njaa. Alielewa vizuri. Alichokikataa ni dai la filamu kwamba binadamu akinyimwa mahali pa kwenda huporomoka kwa kanuni, kama jiwe. Alikuwa anajua, kwa ushahidi usio wa kubuni, kwamba kuna walionyimwa mwanga, chakula na mahali pa kwenda, wakahesabu siku, wakagawana vyura. Aniara haina nafasi ya kuwaza hilo. Inadhani kwamba inasema juu ya binadamu, kumbe inasema juu ya abiria, yaani watu walionunua tiketi.

La pili lilitoka kwa mmoja wa akina mama. Aliuliza kwa nini katika chombo kizima hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi, ni wa nani. Niliirudia filamu nikiwa na swali lake, na kweli, mazungumzo ya ukoo ni machache mno. Watu wanakutana kitandani na katika madhehebu yanayozuka humo, wanapeana huduma, wanapeana vyeo, hawajengi undugu. Martinson na wafuasi wake wangesema kwamba huo ndio ukiwa wenyewe. Inawezekana. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza kama ukiwa huo umetokana na anga au uliingizwa chomboni na watunzi pamoja na mizigo mingine.

Filamu ilipofika mahali ambapo mhusika mkuu anarudi chumbani na kumkuta Isagel, mwenzi wake, amemuua mtoto na kujiua, msimulizi alikiweka kipaza sauti mapajani. Hakusema neno kwa muda mrefu. Mtu huyu hulipwa ili pasiwe na ukimya. Picha za utupu za sehemu ya kati alikuwa amezipita kwa mzaha na kwa kusogeza mbele, hii hakuisogeza.

Fasihi ya Kiswahili si mgeni wa safari za aina hii, ingawa tumezoea kuitaja bila kuiweka katika jirani yake ya kweli. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Dzombo anahukumiwa kufa kwa kupakiwa katika chombo cha angani. Chombo cha kunyongea kinageuka kuwa chombo cha kusafiria, naye anafika katika jamii ambayo jina lake, likisomwa polepole, ni "wale ni sisi". Mkangi anatumia anga kama njia ya kufikia siasa, na kufika kwake ni kwa uhakika kiasi cha kuchosha. Sura za maelezo ya jamii ile bora nazisoma kwa wajibu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Geita, aliandika katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) dunia iliyobaki magofu, lakini kwake mwisho ni mlango wa kuanza upya, na msafiri wake hahitaji injini. Wote wawili wanampa msomaji mahali pa kufika. Nikiwaweka kando ya Aniara naona kwamba kinachokosekana katika fasihi yetu si anga wala mitambo. Ni masimulizi ya kutofika, yaliyoandikwa na mtu asiyekuwa na haraka ya kutufariji. Nadhani sababu mojawapo ni lugha yenyewe, ambayo imekwisha kulitenda jambo hilo kwa nahau moja na haioni haja ya kurefusha.

Kazi ya Afrika Mashariki iliyo karibu zaidi na Aniara ni filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, Pumzi (2009), niliyoionyesha jioni iliyofuata. Hapa dunia imekauka miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililozibwa, wanatengeneza umeme kwa misuli yao, wanakunywa jasho na mkojo uliosafishwa, na ndoto zao zinadhibitiwa kwa vidonge. Hawafungui midomo kusema. Mtambo unasema kwa niaba yao. Neno la Kiswahili ni jina la filamu tu, na ni jina lililochaguliwa vyema: mzizi uleule unatupatia pumua, pumzi na pumzika, hewa na mapumziko kwa pamoja, na marehemu naye tunasema amepumzika. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anatoroka, anatembea jangwani, anaupanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho na jasho lake, anajilaza kando yake kuutia kivuli. Kamera inapanda juu, na mahali alipolala pamekuwa mti.

Nilitarajia hadhira iipende, nayo iliipenda. Lakini nilipotoka nilikuwa na shaka ambayo sikuwa nayo nilipoiona mara ya kwanza mjini. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga aliita sehemu hii jangwa la Tanzania. Misitu ilikuwa imefyekwa kuwaondoa mbung'o, mashamba ya pamba yalikuwa yamepanuka, vijiji vilikuwa vimehamishwa na mifugo imejaa. Kilichofuata kinajulikana: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, na kurudishwa kwa ngitili, yaani maeneo ya malisho ambayo Wasukuma huyafunga msimu wa mvua ili yapumzike. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa miti na nyasi. Hakuna aliyelala chini kufa kando ya mche. Kulikuwa na mikutano, ugomvi wa mipaka, faini za dagashida kwa aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Ni masimulizi yasiyovutia kamera, na Kahiu, mwenye jicho kali kuliko wengi, naye amechagua mwanamke mmoja na mwili mmoja. Ninaiheshimu Pumzi, lakini nikiwa Shinyanga siwezi tena kuamini kwamba jangwa huponywa kwa kafara ya mtu pekee. Na magogo ya miti hiyo iliyorudi sasa yanakatwa kuegemeza kuta za maduara.

Nirudi kwa Aniara, kwa kuwa sijasema ilivyomalizika kibandani. Filamu inaruka kutoka mwaka wa 24, ambapo watu wachache wamekaa gizani wakipumua kwa shida, hadi mwaka wa 5,981,407. Chombo kimekuwa gofu lililoganda. Kinaifikia sayari yenye mawingu na maji, yenye kila walichokuwa wakikitafuta. Muda wote wa saa moja na nusu msimulizi alikuwa amewapatanisha abiria katika ngeli ya watu, na mara nyingi aliwachanganya na chombo chao kama tufanyavyo sote: wamepotea, wamechoka, wanakwenda. Hata pale ambapo sarufi ilidai ki- alisema wa-. Sayari ilipotokea niliinama kusikiliza, kwa sababu nilikumbuka swali lake la wiki ile. Alisema, "Kimefika."

Yule kijana wa mbele akauliza, "Na wao?"

Msimulizi akaizima mashine, akaanza kukunja waya.